Uainishaji wa kiforodha wa mavazi ya kuigiza ya watoto

Uainishaji wa kiforodha wa mavazi ya kuigiza ya watoto ni kazi ya kuamua namba ya ushuru ya vazi lililoingizwa kutoka nje ya nchi ambalo mtoto hulivaa ili aonekane kama haramia, mchawi, binti mfalme, chale wa sarakasi, mnyama au shujaa wa filamu. Swali la msingi ni kama vazi hilo ni nguo au ni kitu cha sherehe na burudani. Jibu lake hubadilisha kiasi cha ushuru. Nchini Marekani vazi la Halloween linaweza kuingia bila ushuru wa kawaida likihesabiwa kuwa kitu cha sherehe. Likihesabiwa kuwa nguo, linaweza kutozwa asilimia 14.9, asilimia 16 au hata asilimia 32, kutegemea aina ya kitambaa na umbo lake.

Suala hili linajulikana zaidi nchini Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, mavazi mengi ya Halloween yanayouzwa huko kila mwezi wa Oktoba hushonwa nje, hasa China. Pili, mahakama za nchi hiyo zimelitolea hukumu mara kadhaa, na kampuni iliyosimama mbele ya majaji katika kesi mbili kubwa ni moja: Rubie's Costume Company ya New York. Katika kesi ya kwanza ilitaka mavazi yatozwe ushuru, na katika ya pili ilitaka yasitozwe.

Mfumo wa namba

Karibu nchi zote duniani hupanga bidhaa kwa kutumia Mfumo Uwianifu wa Shirika la Forodha Duniani (WCO) lenye makao yake Brussels, Ubelgiji. Mfumo huo hujulikana kwa kifupi HS. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na Marekani iliuingiza katika jedwali lake la ushuru tarehe 1 Januari 1989. Kila bidhaa hupewa namba. Tarakimu mbili za kwanza huonyesha sura, nne za kwanza huonyesha kichwa, na sita za kwanza ni zile zile kwa nchi zote zinazotumia mfumo. Baada ya hapo kila nchi huongeza tarakimu zake. Marekani hutumia kumi, ambapo nane huamua ushuru na mbili za mwisho ni za takwimu tu.

Kwa mavazi ya kuigiza kuna sura tatu zinazogombea. Sura ya 61 ni ya nguo za kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi, kama fulana na sweta. Sura ya 62 ni ya nguo za vitambaa vingine, hasa vile vilivyofumwa kwa nyuzi za mtande na mshindio, kama kanga au shati la kawaida. Sura ya 95 ni ya vitu vya kuchezea, michezo na sherehe. Ndani yake kuna kichwa 9505, kinachotaja vitu vya sikukuu, vya karnivali na vya burudani nyingine, pamoja na vifaa vya mazingaombwe na vya kufanyia mzaha.

Kanuni ya kwanza ya kufasiri mfumo husema kwamba bidhaa huainishwa kwa kufuata maneno ya vichwa pamoja na maelezo ya kisheria yaliyowekwa mwanzoni mwa kila sehemu na kila sura. Maelezo hayo yana nguvu ya sheria, na ugomvi wote wa mavazi ya kuigiza umetoka ndani yake. Maelezo 1(e) ya sura ya 95 yanaondoa katika sura hiyo mavazi ya kujigeuza yaliyotengenezwa kwa nguo, "ya sura ya 61 au 62".

Kwa msomaji wa haraka, sentensi hiyo inamaliza kila kitu: vazi la kuigiza la kitambaa haliingii sura ya 95. Lakini mwanasheria huuliza maneno "ya sura ya 61 au 62" yanafanya kazi gani. Je, yanasema kwamba kila vazi la kuigiza la kitambaa ni la sura hizo? Au yanasema kwamba linaloondolewa ni lile tu ambalo tayari lina sifa za nguo za sura hizo, na mengine yabaki katika sura ya 95? Marekani imefuata usomaji wa pili.

Desturi ya forodha ya Marekani

Hapo awali forodha ya Marekani iliyahesabu mavazi ya kitambaa kuwa nguo. Mwingizaji mmoja, Traveler Trading, alipinga jambo hilo katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa huko New York, na kesi ikamalizika kwa makubaliano katikati ya miaka ya 1990. Tangu hapo forodha ilikubali kugawa mavazi katika makundi mawili. Yale hafifu, yasiyodumu na ambayo kwa kawaida hayatambuliwi kuwa nguo za kuvaa yaliwekwa katika kichwa 9505. Yale yaliyoshonwa vizuri yaliendelea kubaki katika sura ya 61 au 62.

Mgawanyo huo ulimaanisha kwamba afisa hawezi kuamua kwa kuangalia picha kwenye pakiti. Mavazi mawili ya mchawi yanaweza kuwa na rangi moja na kofia moja, lakini yakaangukia sura tofauti kwa sababu ya namna yalivyoshonwa. Kwa hiyo forodha ilitoa mwongozo wenye mambo manne ya kutazama: mtindo wa vazi, ujenzi wake, umaliziaji wake na mapambo yake. Hakuna jambo moja linalotosha peke yake. Afisa hutazama vazi zima.

Katika mtindo, afisa huangalia kama vazi limekatwa kwa namna ya kukaa mwilini. Vazi hafifu mara nyingi ni kipande cha mbele na kipande cha nyuma vilivyounganishwa ubavuni, lenye shimo la kichwa na mikono mipana. Vazi lililoshonwa vizuri huwa na kiuno kilichobanwa, mikunjo ya kulifanya lifuate umbo la mwili, kola ya kweli au mikono iliyounganishwa kwa mshono wake.

Katika ujenzi, jambo linaloangaliwa zaidi ni namna vazi linavyofungwa. Kijipande cha kitambaa cha kunata (velkro) nyuma ya shingo, au kamba mbili za kufunga, ni dalili ya uhafifu. Zipu iliyoshonwa ndani ya mshono, au vifungo vyenye matundu yaliyozungushiwa uzi, ni dalili ya nguo. Bitana nayo huhesabiwa, kwa kuwa fundi haweki bitana katika kitu kitakachovaliwa usiku mmoja tu.

Umaliziaji ni pindo. Afisa hugeuza vazi nje ndani na kutazama shingo, ncha za mikono na sehemu ya chini. Ukingo uliokatwa kwa mkasi na kuachwa hivyo, nyuzi zikining'inia, hulipeleka vazi upande wa sherehe. Ukingo uliopindwa na kushonwa, au mishono ya ndani iliyozungushwa kwa mashine ili kitambaa kisichanike, hulipeleka upande wa nguo. Kuna mavazi yanayochanganya, kwa mfano mikono iliyopindwa na sehemu ya chini iliyokatwa kwa makusudi kuwa matambara kwa sababu mvaaji ni mzuka au haramia. Ukingo wa matambara wa aina hiyo ni sehemu ya mtindo, na wenyewe hauthibitishi kwamba vazi zima ni hafifu.

Mapambo huangaliwa mwisho. Picha iliyochapwa kifuani kwa rangi ni kazi rahisi. Lesi iliyoshonwa, shanga za kumeta zilizotiwa moja moja au tabaka kadhaa za kitambaa chepesi kwenye sketi huonyesha gharama na uangalifu, na hivyo huongeza uzito upande wa nguo.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Kadiri vazi linavyoshonwa vibaya, ndivyo uwezekano wa kuingia bila ushuru unavyokuwa mkubwa. Mshonaji anayeongeza zipu na pindo humletea mwingizaji gharama mbili, ya kazi yenyewe na ya ushuru. Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa tofauti. Shehena ya mavazi 10,000 ya nyuzi za kutengenezwa viwandani, yaliyofumwa kwa vitanzi, kila moja likiwa na thamani ya dola 6, ina thamani ya dola 60,000. Ikiingia kwa namba 9505.90.60, ushuru wa kawaida ni sifuri. Ikiingia kwa namba 6114.30.30, ambayo ni ya nguo nyinginezo zisizo na kichwa chake maalumu, ushuru ni asilimia 14.9, yaani dola 8,940.

Hadi mwisho wa mwaka 2004 kulikuwa na sababu nyingine kubwa kuliko ushuru. Marekani ilikuwa na viwango vya juu vya kiasi cha nguo zinazoweza kuingia kutoka nchi mbalimbali, na viwango hivyo viliondolewa tarehe 1 Januari 2005. Vazi lililohesabiwa kuwa kitu cha sherehe halikuguswa na viwango hivyo, ilhali lililohesabiwa kuwa nguo lingeweza kuzuiwa bandarini hata kama mwenyewe alikuwa tayari kulipa.

Kesi ya mwaka 2003

Rubie's ilikuwa ikitengeneza mavazi yake nchini Marekani, na iliona kwamba mavazi hafifu yanayoingia bila ushuru yanaidhoofisha sokoni. Sheria ya Ushuru ya mwaka 1930 inampa mtengenezaji wa ndani haki ya kulalamika pale anapoona bidhaa za wenzake kutoka nje zimepewa ushuru mdogo kuliko inavyostahili. Ni haki isiyotumiwa mara nyingi. Rubie's iliitumia katika miaka ya 1990, ikitaka mavazi ya kitambaa yahesabiwe kuwa nguo.

Forodha ilichunguza sampuli tano za mavazi. Manne kati yake, yakiwemo ya haramia na ya wachawi, yaliachwa katika kichwa 9505. La tano, la chale wa sarakasi, lilionekana kushonwa vizuri na likawekwa upande wa nguo. Rubie's haikuridhika. Baada ya forodha kusimamia msimamo wake mwaka 1998, kampuni ilikwenda mahakamani.

Mwaka 2002 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliipa Rubie's ushindi. Iliona kwamba maelezo 1(e) yanaondoa mavazi ya kitambaa katika sura ya 95 na kwamba mavazi hayo ni nguo. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 1 Agosti 2003 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho iliutengua uamuzi huo.

Hoja ya mahakama ya rufaa ilijengwa juu ya maana ya neno "nguo". Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Arnold ya mwaka 1893, neno hilo katika sheria za ushuru limechukuliwa kumaanisha vitu ambavyo watu huvivaa kwa kawaida. Mahakama za ushuru zilizofuata zimeeleza sababu za kuvaa nguo kuwa ni staha, starehe ya mwili na mapambo. Kwa mahakama ya rufaa, vazi hafifu la Halloween halivaliwi hasa kwa sababu hizo. Huvaliwa kwa ajili ya kuigiza katika siku moja ya sherehe, na faida yake kama nguo ni ya pembeni tu. Kwa kuwa si nguo ya kawaida, halimo katika sura ya 61 wala 62. Na kwa kuwa halimo huko, maelezo 1(e) hayaliondoi katika sura ya 95.

Kuna jambo jingine lililoathiri hukumu hiyo. Miaka miwili kabla yake, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kesi ya Mead, iliyohusu uainishaji wa vitabu vya kupangia ratiba. Ilisema kwamba barua za uamuzi za forodha hazina nguvu ya kuwafunga majaji, lakini zinastahili kuheshimiwa kwa kadiri hoja zake zinavyoshawishi. Katika kesi ya mavazi, mahakama ya rufaa iliona kwamba hoja za forodha zilikuwa za kina na zimedumu bila kubadilikabadilika, hivyo ikazipa uzito.

Hukumu ya 2003 ilikuja wakati ambapo maana ya "kitu cha sherehe" ilikuwa imeshapanuliwa. Katika kesi ya Midwest of Cannon Falls ya mwaka 1997, iliyohusu mapambo ya Krismasi na ya sikukuu nyingine, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba kitu ni cha sherehe kikiwa kinahusiana kwa karibu na sikukuu fulani na kikitumiwa hasa wakati wa sikukuu hiyo. Waingizaji walianza kudai kwamba vitambaa vya meza vyenye picha za maboga na sweta zenye picha za Krismasi navyo ni vya sherehe, na baadhi yao walishinda. Marekebisho ya HS ya mwaka 2007 yalipunguza mwanya huo. Yaliongeza katika sura ya 95 maelezo yanayoondoa vyombo vya meza, mashuka, mazulia, nguo na vitu vingine vyenye matumizi ya kila siku. Sweta ya kijani yenye picha ya paa wa Krismasi ni sweta. Vazi hafifu la mchawi halikuguswa, kwa sababu halina matumizi ya kila siku.

Kesi ya Baba Krismasi

Katika kesi ya pili, Rubie's ilikuwa mwingizaji. Bidhaa iliyogombaniwa haikuwa ya watoto, bali seti ya Baba Krismasi ya watu wazima yenye vipande tisa: koti, suruali, glovu, kofia, mkanda, nywele za bandia, ndevu, vifuniko vya viatu na mfuko wa zawadi. Hata hivyo hukumu yake inahusu mavazi yote ya kuigiza, yakiwemo ya watoto.

Forodha iliigawa seti. Koti iliwekwa pamoja na sweta na mavazi yafananayo nazo kwa asilimia 32, suruali kwa asilimia 28.2, glovu katika namba ya glovu, na mfuko katika namba ya mifuko na mabegi. Ndevu na nywele za bandia ziliachwa katika kichwa 9505 bila ushuru. Rubie's ilidai kwamba seti nzima ni kitu cha sherehe, kwani hakuna mtu anayevaa koti jekundu lenye manyoya meupe kwenda kazini.

Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliikataa hoja hiyo mwaka 2017, na mahakama ya rufaa iliunga mkono mwaka 2019. Koti na suruali vilikuwa vimeshonwa kwa uimara na koti lilikuwa na bitana. Lebo ya kuagiza vazi lisafishwe na dobi kwa njia kavu nayo ilihesabiwa dhidi ya mwingizaji, kwa kuwa kitu kinachosafishwa kimekusudiwa kuvaliwa tena. Kampuni ilishindwa kwa kipimo kile kile cha uhafifu kilichotokana na kesi yake ya kwanza.

Vipande, seti na vipimo vya mwili

Vazi la kuigiza la mtoto huuzwa mara nyingi likiwa na vifaa vingine kwenye mfuko mmoja. Kwa bidhaa nyingi, mfumo huruhusu seti ya rejareja kuainishwa kwa kufuata kitu kinachoipa sifa yake kuu. Kwa nguo kuna kizuizi. Maelezo ya Sehemu ya XI, inayojumuisha sura za 50 hadi 63, yanasema kwamba nguo za vichwa tofauti hubaki kila moja katika kichwa chake hata zikiwekwa pamoja kwa ajili ya kuuzwa. Ndiyo sababu koti na suruali ya Baba Krismasi vilitenganishwa.

Vifaa visivyo vya kitambaa huwa na njia zake. Vinyago vya usoni, pua na masikio ya bandia na kofia za karatasi ni vya kichwa 9505. Nywele za bandia za kuigizia pia zimo humo, lakini wigi ya kuvaliwa kila siku ni ya kichwa 6704. Upanga wa plastiki ni mwanasesere, yaani kitu cha kuchezea cha kichwa 9503. Vazi la plastiki tupu lenye sifa za nguo halimo katika sura ya 61 wala ya 62, bali katika kichwa 3926.

Likishahesabiwa kuwa nguo, vazi la mtoto hukutana na maswali mengine ambayo fundi yeyote atayatambua. Kwanza ni kimo. Nguo za mtoto mwenye kimo kisichozidi sentimita 86 ni nguo za watoto wachanga, na zina vichwa vyake, 6111 kwa vitambaa vya vitanzi na 6209 kwa vingine, ambavyo hupewa nafasi ya kwanza dhidi ya vichwa vingine vya nguo. Vazi la boga lenye bitana na zipu, lililokatwa kwa mtoto wa miezi tisa, litaangukia hapo. Pili ni jinsia. Nguo inayofunguka mbele, upande wa kushoto ukilalia wa kulia, huhesabiwa kuwa ya kiume, na wa kulia ukilalia wa kushoto huhesabiwa kuwa ya kike, isipokuwa kama ukataji wake unaonyesha wazi kinyume chake. Isipojulikana ni ya nani, huwekwa katika vichwa vya nguo za kike. Kwa vazi la simba au la mifupa, kanuni hii hutumika kwa uzito ule ule kama kwa shati.

Wajibu wa kutangaza namba sahihi ni wa mwingizaji. Tangu mwaka 1993 sheria ya Marekani inamtaka atumie uangalifu unaostahili, na kutangaza namba isiyo sahihi kwa uzembe kunaweza kuleta faini. Asiye na uhakika anaweza kupeleka sampuli na kuomba uamuzi wa maandishi kabla shehena haijafika. Maamuzi hayo huchapishwa, na yanayohusu mavazi ya kuigiza ni mengi mno. Yasomwapo pamoja huonekana kama daftari la fundi cherehani: urefu wa mkono, aina ya pindo, idadi ya vifungo. Ambaye tayari ametozwa ana siku 180 za kupinga baada ya forodha kukamilisha hesabu ya ushuru.

Uainishaji huamua pia ushuru wa nyongeza. Marekani ilipoweka ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za China tarehe 1 Septemba 2019, nguo nyingi zilikuwemo katika orodha hiyo. Kiwango kilipunguzwa kuwa asilimia 7.5 tarehe 14 Februari 2020. Kwa hiyo vazi la Kichina la asilimia 14.9 lililokuwa katika orodha hiyo lilitozwa jumla ya asilimia 22.4.

Nje ya Marekani

Umoja wa Ulaya hutumia maneno yale yale ya HS. Ushuru wa kawaida wa nguo nyingi huko ni asilimia 12, na wa namba 9505 90 ni asilimia 2.7, kwa hiyo kishawishi cha kuchagua namba kipo ingawa pengo ni dogo zaidi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo hutumia HS katika ushuru wake wa pamoja wa nje, pamoja na maelezo ya sura ya 95. Tangu tarehe 1 Julai 2022 ushuru huo una viwango vinne vya asilimia 0, 10, 25 na 35, na nguo ziliwekwa katika kiwango cha juu kabisa kwa lengo la kulinda viwanda vya ndani, ingawa nchi mwanachama inaweza kuomba kutumia kiwango tofauti kwa muda. Namna ya kupata thamani nayo ni tofauti na ya Marekani. Huko ushuru hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa bila gharama za usafirishaji wa kimataifa, ilhali Afrika Mashariki hujumlisha bei, bima na nauli hadi bandarini. Mavazi ya kuigiza ni mepesi lakini hujaza nafasi kubwa, kwa hiyo nauli huweza kuongeza ushuru wake kwa kiasi kinachoonekana.

Uainishaji na usalama wa moto

Namba ya forodha haisemi chochote kuhusu usalama wa vazi. Kitambaa chepesi cha nyuzi za viwandani chenye tabaka nyingi na ukingo unaoning'inia kinaweza kushika moto haraka, na Halloween ni sikukuu ya mishumaa iliyowekwa ndani ya maboga. Kila mamlaka ina sheria yake ya usalama, isiyofuata sura za HS.

Nchini Marekani kanuni za kuwaka kwa vitambaa vya mavazi zinahusu pia mavazi ya kuigiza, hata yale yaliyoingia kama vitu vya sherehe. Mwingizaji aliyeithibitishia forodha kwamba bidhaa yake si nguo hawezi kutumia hoja hiyo kukwepa kipimo cha moto. Tena, bidhaa zinazokusudiwa watoto wa miaka 12 au chini yake lazima zipimwe na maabara inayojitegemea, kwa mujibu wa sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 2008.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia nyingine. Chini ya agizo lake la usalama wa vitu vya kuchezea la mwaka 2009, vazi la kujigeuza linalokusudiwa mtoto wa chini ya miaka 14 ni kitu cha kuchezea, na hupimwa kwa kiwango cha EN 71-2 kinachohusu kuwaka moto. Hivyo vazi moja la mchawi likifika Rotterdam linaweza kulipiwa ushuru kama nguo na kukaguliwa kama mwanasesere siku hiyo hiyo.